Insha ya hoja huanzia kwa mpinzani: namna ya kuipanga hatua kwa hatua

Ukipita katika skuli zetu za Unguja na Pemba wiki chache kabla ya mtihani wa kidato cha nne, utawakuta wanafunzi wanakariri mgawanyo uleule: kichwa, utangulizi, kiini, hitimisho. Mgawanyo huo ni sahihi, na ukiukosea utapoteza alama. Lakini unaeleza insha iliyokwisha kuandikwa inavyoonekana. Haumwambii mwanafunzi aanzie wapi wakati karatasi ni tupu na saa inakwenda. Ndiyo maana tunasoma insha nyingi zenye sehemu zote nne ambazo ndani yake hakuna anayebishana na mtu: hoja tano zimepangwa kwa Kwanza, Pili, Tatu, kila moja imesimama peke yake, na mwisho serikali inatolewa wito.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi, sio mpangilio wa karatasi. Utaona kwamba utangulizi nimeuweka karibu na mwisho, na upande usiokubaliana nawe nimeuweka karibu na mwanzo. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Insha ya hoja hujengwa kuanzia kwa yule anayekupinga, na kama bado humsikii akisema, huna insha, una orodha.

Nitatumia mada moja mpaka mwisho ili uone kazi inavyokwenda: kufunga miamba ya pweza. Katika baadhi ya vijiji vya pwani, Kisiwa Panza kule kusini mwa Pemba kikiwemo, watu wamewahi kukubaliana waache kuvua pweza katika sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa, kisha waufungue siku ya bamvua, maji yakikupwa vizuri, watu waingie kwa pamoja. Wapo wanaoupenda utaratibu huu na wapo wanaoukataa, na pande zote mbili zina watu wenye akili zao. Mada ya insha ya hoja inatakiwa iwe ya namna hiyo.

Hatua ya kwanza: igeuze mada iwe swali linalobishika

"Umuhimu wa bahari kwa Zanzibar" si mada ya hoja. Hakuna mtu mzima atakayesimama barazani aseme bahari haina umuhimu kwetu. Jiulize: je, mtu mwenye akili timamu, anayeijua hali, anaweza kujibu hapana? Kama hawezi, ibane mada mpaka aweze. Ibane kwa kutaja nani, wapi, kwa muda gani, na kwa gharama ya nani. "Uvuvi wa pweza" unakuwa "Je, kijiji kinachotegemea pweza kifunge sehemu ya mwamba wake kwa miezi mitatu kila mwaka?" Hapo tayari unawasikia watu wakibishana.

Katika mtihani hupewi nafasi ya kuchagua. Unaletewa "Utalii una faida na hasara. Jadili." Neno Jadili linataka upime pande zote mbili, lakini halikuzuii kuwa na upande. Mwanafunzi anayeandika faida tatu, hasara tatu, kisha akamaliza kwa "hivyo utalii una faida na hasara", amerudisha swali kwa mtahini kama alivyolipokea. Pima, kisha sema mzani umelalia wapi na kwa nini. Ila usome swali kwa makini: likisema "eleza faida tano za utalii", hapo hukuombwa ubishi. Jibu ulichoulizwa.

Hatua ya pili: andika upande usioutaka

Hapa ndipo pa kutulia. Kabla hujaandika hata sentensi moja ya upande wako, chukua ukurasa wa nyuma wa daftari uandike kile ambacho mpinzani wako angesema, kwa nguvu zake zote, kwa maneno ambayo yeye mwenyewe angekubali kuwa ni yake.

Njia hii si ngeni kwetu. Aliyewahi kukaa darsa ya fiqhi msikitini anaijua: mwandishi wa kitabu anaeleza hukumu, kisha anasema "ukisema hivi", anaweka pingamizi waziwazi, halafu anaendelea "tutasema hivi". Imam Shafii, aliyefariki mwaka 820 na ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa visiwa hivi, humtia msemaji ndani ya maandishi yake, akamwacha aulize na abishe, kisha akamjibu. Mwanafunzi anayasikia haya jioni, asubuhi akiingia darasani anaandika insha kana kwamba hakuna mtu duniani anayefikiri tofauti naye. Naomba uichukue adabu ile ya darsa uilete kwenye karatasi ya Kiswahili.

Kwa mada yetu, nikikaa upande wa wasiotaka mwamba ufungwe, naandika hivi:

Mwanamke anayekwenda pwani kwa miguu na kijiti chake hana boti wala injini. Mwenye boti akifungiwa hapa atakwenda mbali zaidi. Yeye hana pa kwenda. Miezi mitatu kwake ni miezi mitatu bila kitoweo na bila fedha ya daftari la mtoto.

Pili, anayetii ndiye anayeumia. Kijiji kinafunga, wavuvi wa dago wanatoka kwengine wanakuja usiku, wanachokoa kila kitu. Siku ya kufungua wenyewe wanakuta mapango matupu.

Tatu, hata kama hakuna aliyeiba, siku ya kufungua watu ni wengi mno. Kilichotunzwa miezi mitatu kinamalizwa kwa siku mbili tatu, na siku hiyohiyo diko linajaa pweza mpaka mnunuzi anateremsha bei.

Soma tena hayo matatu. Yana uzito. Kama nilikuwa na wazo la kuandika "wanaopinga hawana elimu ya mazingira", sasa siwezi tena, na insha imekwishanufaika. Ukiona maneno ya mpinzani wako kwenye daftari ni mepesi, ujue hujamtafuta. Nenda kamuulize mtu. Kwa mada kama hii, kaa na bibi mmoja anayechokoa pweza kwa dakika chache umsikilize. Atakupa hoja ambayo hungeipata kwenye kitabu.

Hatua ya tatu: msimamo kwa sentensi moja

Sasa andika msimamo. Sentensi moja, lakini iwe na mifupa mitatu: ingawa, kwa sababu, ilimradi. Ingawa inabeba pingamizi zito kuliko yote. Kwa sababu inabeba hoja yako kuu. Ilimradi inaweka mpaka wa madai yako, ili usidai zaidi ya unachoweza kukithibitisha.

Mfano: Ingawa kufunga mwamba kunawabana zaidi wanawake wanaovua kwa miguu, kijiji kinafaidika kikifunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu, kwa sababu pweza hukua upesi kiasi cha kurudisha hasara ndani ya msimu mmoja, ilimradi sehemu ya karibu na ufukwe ibaki wazi na doria iwepo.

Ni sentensi ndefu na pengine hutaiweka hivyohivyo kwenye insha. Lakini iangalie: aya zako zote zimo humo. Kuna aya ya ukuaji wa pweza, aya ya wanawake wa miguu, aya ya sehemu inayobaki wazi, aya ya doria. Kila unapotaka kuandika aya ambayo haimo katika sentensi hiyo, ama aya ni ya ziada ama sentensi haijakamilika. Amua kipi ni kipi kabla hujaendelea.

Mara nyingine hatua ya pili inakubadilisha. Umeandika upande wa pili ukaona umekushinda. Basi badili msimamo, una haki hiyo, na insha yako itakuwa ya kweli zaidi.

Hatua ya nne: ushahidi, na daraja lake

Mwaka 1958 mwanafalsafa wa Uingereza, Stephen Toulmin, alizitenganisha sehemu za hoja kwa namna ambayo walimu wa uandishi katika nchi nyingi bado wanaitumia. Kuna dai, kuna ushahidi, na kuna kitu cha tatu ambacho watu hukisahau: sababu inayouruhusu ushahidi huo ulibebe dai hilo. Mimi hukiita daraja.

Tazama. Dai: kufunga kwa miezi mitatu kunaongeza uzito wa pweza wanaovuliwa. Ushahidi: pweza wa miamba yetu huishi mwaka mmoja na kitu tu, na katika muda huo mfupi hukua kwa kasi kubwa. Daraja: kiumbe anayekua kwa kasi akiachwa kwa muda mfupi, mavuno yake yanaongezeka, kwa sharti kwamba hafi wala hahami kabla hajavuliwa.

Daraja ukiliandika ndipo unapoona mipaka yake. Chewa hukua polepole kwa miaka, kwa hivyo miezi mitatu kwake ni kidogo sana. Mtu akisema "tufunge miezi mitatu samaki wote waongezeke", ushahidi wa pweza haumsaidii, kwa sababu daraja halifiki huko. Vilevile pweza jike hutaga mara moja tu katika maisha yake, hukaa pangoni akiyalinda mayai bila kula, na hufa baada ya mayai kuanguliwa. Kwa hivyo kuuacha mwamba umefungwa muda mrefu mno nako kuna hasara: pweza wakubwa watakufa wenyewe bila mtu kuwapata. Hilo linatetea miezi mitatu dhidi ya mwaka mzima, na hungeligundua kama usingeuliza daraja limesimama juu ya nini.

Ushahidi wenyewe utoke wapi? Mambo uliyoyaona na unayoweza kuyaeleza kwa mahali na wakati. Sheria na kanuni. Maarifa ya sayansi yanayojulikana. Na uzoefu wa wengine: kwa mada yetu, kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, kilianza kufunga eneo la pweza mwaka 2004, na vijiji vingine vya pwani ile vikafuata. Mfano kama huo una nguvu, lakini nao unahitaji daraja: uonyeshe kwamba hali ya kule inafanana na ya huku katika jambo unalolitetea.

Methali si ushahidi. Nalisema hili kwa mapenzi makubwa na methali zetu. "Subira huvuta heri" inaipamba aya, inamkaribisha msomaji, lakini haithibitishi kwamba mwamba ufungwe, kwa kuwa mpinzani wako naye anayo yake: "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Methali mbili zikishavutana, nani ameshinda? Itumie baada ya ushahidi kufika, usiitume badala yake.

Na takwimu usizibuni. "Asilimia 85 ya wavuvi wanakubali" ni uongo kama hakuna aliyewahesabu, na mtahini anaujua. "Wataalamu wanasema" nako ni kusema bila kusema: mtaalamu gani, wa nini, alisema wapi? Kama humjui, eleza sababu yenyewe kwa maneno yako na uiache isimame kwa nguvu zake.

Hatua ya tano: aya moja, kazi moja

Nitaweka aya mbili uzione. Ya kwanza ni ya aina ninayoisoma mara kwa mara:

"Hoja ya pili, kufunga mwamba kunaongeza kipato. Kipato ni kitu muhimu sana katika maisha ya binadamu. Bila kipato mtu hawezi kujipatia mahitaji yake ya kila siku kama vile chakula, mavazi na malazi. Wahenga walisema subira huvuta heri. Hivyo basi kufunga mwamba ni jambo zuri."

Kiswahili chake hakina kosa. Lakini sentensi ya pili na ya tatu zinathibitisha jambo ambalo hakuna aliyelikataa, kwamba fedha ni muhimu. Jambo lenye ubishi, yaani kama kweli kipato kinaongezeka na kinaongezekaje, halikuguswa. Sasa hii:

"Pweza huuzwa kwa kilo, kwa hivyo aliyeachwa akakua anamlipa zaidi anayemchokoa. Pweza wa miamba yetu haishi miaka mingi. Maisha yake yote ni mwaka mmoja na kitu, na katika miezi michache huongezeka uzito mara kadhaa. Anayemtoa pangoni akiwa mdogo anauza sehemu ndogo tu ya kile ambacho mwamba ungempa angevuta muda kidogo. Hesabu hii haisimami kwa chewa, anayehitaji miaka, na ndiyo maana tunazungumzia pweza peke yake."

Sentensi ya kwanza imetoa dai. Ya pili na ya tatu zimeleta ushahidi. Ya nne ni daraja. Ya tano imeweka mpaka. Si lazima kila aya ifuate mpangilio huo neno kwa neno, lakini ukiona aya yako haina hata kimoja kati ya hivyo baada ya dai, irudie.

Kuhusu mfuatano wa hoja: usiweke hoja yako bora mwanzo kabisa ukaishiwa. Anza na iliyo imara na rahisi kueleweka, malizia na iliyo nzito zaidi. Iliyo dhaifu ifute. Hoja tatu zenye nguvu zinamshawishi msomaji kuliko tano ambazo mbili kati yake zinachechemea, ila swali likitaka tano kwa idadi, toa tano.

Hatua ya sita: mjibu mpinzani mahali panapoonekana

Sasa rudi kwenye ule ukurasa wa nyuma wa daftari. Kila pingamizi lina namna yake ya kujibiwa, na kosa kubwa ni kuyajibu yote kwa kuyakanusha.

Lipo pingamizi ambalo si kweli. Hilo likanushe kwa ushahidi. Lipo ambalo ni kweli lakini lina dawa. Likubali, utaje dawa. Lipo ambalo ni kweli na halina dawa kamili. Hilo lipime, useme kwa nini faida bado inazidi. La wizi wa usiku ni la aina ya pili: kamati ya wavuvi ya shehia ipange doria, na vijiji jirani vishirikishwe kabla ya kufunga, sio baada. La wanawake wa miguu liko kati ya la pili na la tatu, na mimi ningeliandika hivi:

"Wanaopinga wana haki wanaposema mzigo hauwaangukii watu wote sawa. Mwenye boti atahama. Mwanamke anayevua kwa miguu hawezi. Kwa sababu hiyo kufunga mwamba wote hakukubaliki. Kinachopendekezwa ni kufunga sehemu ya nje na kuiacha wazi ile ya karibu na ufukwe, na wanawake hao wenyewe wakae katika kamati inayochora mpaka. Bado watapungukiwa kwa miezi mitatu. Lakini mwamba usiopumzika kabisa unawapunguzia kila mwezi, bila siku ya kufunguliwa."

Angalia maneno "wana haki" na "bado watapungukiwa". Kukubali hivyo hakukudhoofishi. Msomaji aliyekuwa upande wa pili ameona umemsikia, na sasa yuko tayari kukusikia wewe.

Aya hii ikae wapi? Mara nyingi kabla ya hoja yako ya mwisho, ili insha ifunge kwa sauti yako. Lakini kama unajua wasomaji wako wengi wanakupinga, ianze mapema. Hawatakuvumilia mpaka ukurasa wa pili wakisubiri kutajwa.

Viunganishi vitumie kwa maana zao. Hata hivyo, ilhali, licha ya, isipokuwa, kwa hivyo: kila kimoja kinaahidi uhusiano fulani kati ya sentensi mbili. "Hivyo basi" inaahidi matokeo, na kama sentensi iliyotangulia haikuzaa chochote, ahadi imevunjwa.

Hatua ya saba: utangulizi

Uandike sasa, maana sasa ndiyo unajua unatangulizia nini. Sentensi nne au tano zinatosha: hali ilivyo, ubishi uliopo, na msimamo wako. Usianzie "tangu enzi na enzi". Usianze na maana ya neno kutoka kwenye kamusi kama kila msomaji analijua. Fafanua tu istilahi ambayo ubishi wenyewe unaitegemea, kwa mfano "kufunga" hapa maana yake sehemu ipi na muda gani. Na huna haja ya kuandika "insha hii itajadili". Jadili.

Hatua ya nane: hitimisho, na kusoma tena

Hitimisho si mahali pa hoja mpya wala pa kuzirudia zote kwa ufupi. Sema kinachofuata kama msomaji amekubali: nani afanye nini, lini, na jambo gani bado linahitaji kuamuliwa. "Natoa wito kwa serikali ichukue hatua" haimwelekezi mtu. "Kamati ya shehia ikae na wanaovua kwa miguu kabla ya mpaka kuchorwa" inamwelekeza.

Katika chumba cha mtihani, kama insha ina dakika 40, tumia 10 za mwanzo kwa hatua ya kwanza hadi ya tatu, hata kama jirani yako ameshajaza nusu ukurasa. Acha mstari kadhaa juu kwa utangulizi, anza na kiini, urudi kuujaza. Bakisha dakika 5. Katika hizo, piga mstari chini ya sentensi ya kwanza ya kila aya, uzisome hizo peke yake kutoka juu hadi chini. Zikisomeka kama mtu mmoja anayejenga jambo moja, kabidhi. Pale ambapo sentensi moja haiitikii iliyo juu yake, hapo ndipo aya imekaa pasipo pake. Ongeza maneno machache ya kuiunganisha, au uikate kwa mstari mmoja safi.